Umemaliza Gemu au Bado? Mwongozo wa Kuhesabu Nyongeza kwa Mchezaji wa Kisumu

Ukipita Kondele jioni, upande ule wa daraja la juu ambako akina mama hupanga omena kwenye sinia, utakisikia kibanda cha PS kabla hujakiona. Ndani kuna skrini tatu, mabenchi mawili, feni inayozidiwa na joto, na pedi zilizolika mpira pale vidole gumba vinapokaa. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, linaning'inia daftari la mraba lenye jalada la samawati. Humo ndimo tunamoandika waliomaliza gemu. Mimi ndiye ninayelitunza, na mwongozo huu umetokana na ugomvi uliozuka juu ya ukurasa wake mmoja.

Kijana wa Manyatta alikuwa ameicheza Marvel's Spider-Man kwa wiki sita, kila siku saa moja, mpaka kikombe cha platinamu kikajitokeza kwenye kona ya skrini. Tulipiga makofi, nikaandika jina lake. Siku mbili baadaye mwenzake wa Nyalenda akaja, akafungua orodha ya vikombe, akaweka kidole kwenye asilimia. Haikuwa 100. "Omera, huyu hajamaliza. Tazama hapa." Na kweli, chini ya platinamu palikuwa na makundi mengine, ya sura tatu za nyongeza zilizouzwa kuanzia Oktoba hadi Desemba 2018, na yule wa Manyatta hakuwa amezinunua. Akanigeukia. "Jaduong', sasa mimi nimemaliza ama sijamaliza?"

Sikumjibu siku hiyo. Nilikwenda nyumbani nikalifikiria jambo hilo kwa uzito wote, kwa sababu kwa mvulana wa miaka 16 anayeweka akiba ya mandazi ili acheze, wiki sita si kitu cha kupuuza. Jibu nililorudi nalo ndilo ninalokupa wewe, uwe unaendesha kibanda, unashindana na ndugu zako sebuleni, au unajihesabia mwenyewe kimyakimya: unadaiwa ulichouziwa. Ukishatimiza kila changamoto iliyokuja na gemu uliyonunua, umemaliza. Kilichotengenezwa baadaye na kuuzwa peke yake kina hesabu yake peke yake, na hakiwezi kumrudisha nyuma mtu aliyekwisha kufika.

Kulisema hilo ni rahisi. Kazi iko kwenye kulitumia.

Anza kwa kuuliza ni hesabu gani inayozungumzwa

Wakubwa wenzangu wanaikumbuka enzi ya PS2, GTA: San Andreas ya mwaka 2004, na memori kadi ya MB 8 ambayo mtu aliifunga kwenye leso kama hela. Gemu yenyewe ilikuwa na kihesabio chake. Ukifika asilimia 100 ulikuta kifaru cha Rhino na ndege ya Hydra vinakungoja pale Grove Street, na risasi zako haziishi tena. Hapakuwa na mtandao wa kuletea kitu kingine juu yake. Aliyefika 100 alibaki 100 mpaka memori kadi ipotee.

Mambo yaligeuka Xbox 360 ilipotoka Novemba 2005 na alama zake za mafanikio. Gemu ya diski ilibeba alama 1,000. Nyongeza zilipoanza kuuzwa, ziliruhusiwa kupandisha jumla hiyo, na Halo 3 kwa mfano ikaishia alama 1,750. Aliyekuwa na 1,000 kati ya 1,000 akaamka asubuhi ana 1,000 kati ya idadi kubwa zaidi, bila kufanya kosa lolote.

Steam ilipoanza kuhesabu mafanikio mwaka 2007, ilitia kila kitu chungu kimoja. Hapo ndipo penye maumivu makubwa zaidi. The Binding of Isaac: Rebirth ilitoka mwaka 2014 ikiwa na mafanikio 178. Baada ya nyongeza zake za kulipia, ya mwisho kati ya zile kubwa ikiwa Repentance ya mwaka 2021, orodha ilifika 637. Mtu aliyetokwa jasho kuzipata zile 178, na kila anayeifahamu gemu hiyo anajua jasho lenyewe, leo ukurasa wake unaonyesha kama hajafika hata theluthi ya njia.

PlayStation ilipoleta vikombe kwenye PS3 mwezi Julai 2008 ilichukua njia ya tatu. Platinamu hutolewa kwa vikombe vya gemu ya msingi peke yake. Nyongeza hupata vikombe vyake katika kundi lake chini ya orodha, na havigusi platinamu. Lakini ile asilimia kubwa inayoonekana juu huchanganya makundi yote. Ndiyo maana vijana wangu wawili walikuwa wakisoma skrini moja, kila mmoja akiwa na ushahidi mkononi: mmoja alisoma platinamu, mwingine alisoma asilimia.

Kwa hiyo kabla ya kubishana, mwambie mwenzako ataje anasoma nini. Kwenye PS4 au PS5 ingia kwenye vikombe, chagua gemu, kisha uifungue orodha mpaka uone makundi. Kundi la juu ni la gemu ya msingi, na lina asilimia yake. Hiyo ndiyo ya kuangalia. Kwenye Xbox tazama jumla ya alama: ikizidi 1,000, kuna kitu kimeongezwa, na ni juu yako kupitia orodha ujue kipi ni cha nyongeza. Steam haitakutengea chochote, kwa hiyo hapo utalazimika kujitengea mwenyewe, nami nitaeleza namna.

Kwa nini sisi wa huku ziwani tuhesabu hivi

Kuna watu wa mbali ambao kwao nyongeza ni kubonyeza kitufe kimoja. Kadi ya benki imekwisha kuunganishwa, mtandao una kasi, gemu inashuka wakati wanakunywa chai. Kwao swali la kama nyongeza ihesabiwe ni swali la ladha. Kwetu sivyo, na ninataka ulione hili vizuri, kwa sababu ndilo linaloubeba uamuzi wangu.

Chukua bei. Zile sura tatu za Spider-Man ziliuzwa pamoja kwa dola 24.99. Kwa dola moja ya shilingi 130 hivi, hiyo ni zaidi ya shilingi 3,200. Kibandani kwetu mechi moja ya FIFA ni shilingi 20. Kijana angecheza mechi 160 kwa pesa hiyo, na wengi hawafikishi mechi 160 kwa mwaka. Hapo bado hujalipia data. Kadi pepe ya Visa iliyoletwa na M-Pesa mwaka 2022 imerahisisha kulipa mtandaoni kwa asiye na akaunti ya benki, nami ninaishukuru, lakini haikuzipunguza hizo shilingi.

Halafu kuna duka lenyewe. Ukifungua akaunti mpya ya PlayStation, Kenya haimo kwenye orodha ya nchi. Wachezaji wetu huchagua Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, mara nyingi kwa kufuata alivyofanya rafiki. Diski nazo huja kutoka kila upande: nyingine kwa ndugu aliye London, nyingine kwa shangazi anayefanya kazi Doha, nyingine ni mtumba ulioshuka na mzigo kutoka Marekani. Nyongeza ya PS4 hutaka diski na duka viwe vya eneo moja. Ukiwa na diski ya Marekani na akaunti ya Afrika Kusini, utalipa, utashusha, na gemu haitaiona nyongeza hata kidogo. Mimi mwenyewe nililipa hivyo mara moja, kwa pesa ya karo ya mtu, na sitaki yakukute.

Basi jifunze kusoma kava kabla hujatoa hela. Pembeni chini, ukiona mraba wenye namba 3, 7, 12, 16 au 18, hiyo ni diski ya Ulaya, na akaunti ya Uingereza au Afrika Kusini itaelewana nayo. Ukiona herufi nyeusi kama E, T au M, hiyo ni ya Marekani. Kadi za zawadi pia zimefungwa kwa nchi: binamu aliye Minnesota akikutumia kadi ya Marekani, haitaingia kwenye akaunti ya Afrika Kusini. Mwambie mapema, kabla hajainunua, usije ukamtia mtu mwema hasara.

Diski za mtumba zina jambo lake. Kikaratasi cha msimbo wa nyongeza kilichomo ndani ya kava hutumika mara moja tu. Mwuzaji atakuonyesha kava lililoandikwa kwamba nyongeza imo, na hadanganyi, lakini mwenye diski wa kwanza alikwisha kuitumia. Kama nyongeza ni ya msimbo, wewe hukuuziwa. Usijidai.

Na kuna mtandao. Nimempokea kijana aliyetoka Mbita na PS4 kwenye begi la shule, imefungwa kwa sweta. Alivuka kwa feri hadi Luanda K'Otieno, akapanda matatu, akafika mjini saa sita mchana ili apate waifai ya kushushia apdeti, kwa kuwa bando lake la simu lingekwisha robo ya njia. Alikaa kwenye benchi letu mpaka saa kumi akitazama mstari wa samawati ukisogea. Kijana huyu alikuwa na platinamu mbili alizozipata kwa mikono yake, kwenye chumba chenye taa moja. Siwezi kumwambia mtoto huyo hajamaliza gemu kwa sababu ya kitu kinachopima mfuko na mnara wa simu kuliko kinavyopima mikono yake. Siwezi, na sitalikubali daftari linalomwambia hivyo.

Ukitaka mfano wa watu wazima, upo. Mwaka 1987 Gor Mahia walitoka sare ya 2-2 na Espérance kule Tunis, wakarudi Nairobi wakatoka 1-1, wakalibeba Kombe la Washindi la Afrika kwa mabao ya ugenini. Shindano hilo lilichezwa mara ya mwisho mwaka 2003, na mwaka uliofuata likaunganishwa na Kombe la CAF likazaliwa Kombe la Shirikisho. Hakuna mzee wa Kisumu atakayekubali uambie watu kwamba ushindi wa Gor una upungufu kwa vile mashindano yaliongezwa na kupangwa upya baada yao. Walicheza mechi zilizokuwepo, wakazishinda. Mchezaji aliyepata kila kikombe kilichokuwemo siku alipomaliza amefanya vivyo hivyo.

Nyongeza ipewe mstari wake

Sasa nirudi kwa yule wa Nyalenda, kwa sababu ana haki yake, na mwongozo unaomsahau ni mwongozo mbovu. Yeye aliosha pikipiki za boda boda Jumapili nyingi mpaka akapata pesa ya zile sura tatu. Alizicheza, akapata kila kikombe. Nikisema nyongeza si kitu, nimemwibia.

Kwa hiyo nyongeza isimezwe ndani ya gemu ya msingi, na isifutwe pia. Iandike kwenye mstari wake, kwa jina lake, kwa tarehe yake. Gemu ya msingi mstari mmoja, kila nyongeza iliyonunuliwa peke yake mstari mwingine. Akija mtu kuhesabu, atawaona wote wawili wamemaliza Spider-Man, na atamwona wa Nyalenda ana mistari mitatu zaidi. Ile mistari mitatu haipunguzi kitu kwa mwenzake. Tulipoliandika hivyo ugomvi uliisha, wakakaa benchi moja wakaanza kuulizana juu ya zile sura mpya.

Kuna hoja moja nzito ya upande wa pili ambayo nimeisikia kwa watu ninaowaheshimu. Wanasema baadhi ya nyongeza ndizo hitimisho la hadithi. Blood and Wine ya Mei 2016 ndiyo inayomuaga Geralt wa The Witcher 3, na aliyeishia kwenye gemu ya msingi hajaonja machweo yale ya Toussaint. Ni kweli. Ukipata nafasi, icheze. Nitakusihi uicheze kama ninavyomsihi mgeni aende Dunga jua linapozama, mitumbwi ikirudi. Lakini aliyefika Kisumu na hakufika Dunga amefika Kisumu. Tumwambie alichokikosa, tusimwambie hakuja.

Palipo pagumu

Diski kamili ndiyo inayoleta maswali mengi. Bloodborne ilitoka Machi 2015, na nyongeza yake, The Old Hunters, ikafuata Novemba mwaka huo huo. Zikauzwa pia zote mbili kwenye diski moja. Mwenye diski hiyo ameuziwa vyote, basi anadaiwa vyote. PlayStation itampa platinamu bila The Old Hunters, nasi tutaiandika platinamu yake siku atakapoipata, lakini neno "kamili" litangoja mpaka amalize na nyongeza. Mwenye diski ya kawaida ataandikiwa "kamili" mapema zaidi kwa gemu ya jina lile lile. Wengine wameniambia huo ni upendeleo. Nimewajibu kwamba mmoja alinunua debe na mwingine gorogoro, na kila mmoja anapima alichobeba. Ila ni lazima daftari liseme ni toleo gani. Bila safu ya toleo, kanuni hii haifanyi kazi hata siku moja.

Nyongeza za bure huwachanganya watu. God of War Ragnarök ilipata Valhalla tarehe 12 Desemba 2023, bila malipo, pamoja na vikombe vyake. Utasema: ikiwa bei ni sifuri, kisingizio kiko wapi? Kiko kwenye yale magigabaiti. Mtu wa mjini mwenye waifai atapata bure, na wa Mfangano atailipia kwa bando. Nami nimeamua bure nayo ipate mstari wake. Hapa ninakubali kwamba mtu mwenye busara anaweza kuamua vingine, hasa kama kibanda chenu chote kina mtandao mmoja na kila mchezaji ameshushiwa. Mkiamua vingine, amueni kabla ya mchezo kuanza, si baada ya mtu kushinda.

Mambo ya mtandaoni nayachukulia kwa ukali zaidi. GTA V ililetewa wizi wa makundi mwezi Machi 2015, apdeti ya bure, na mafanikio mapya juu yake. Kuyapata unahitaji wenzako, mara nyingi wanne, walio mtandaoni kwa saa moja bila yeyote kukatika, na kwenye PS4 kila mmoja awe amelipia PS Plus. Stima ikipotea Obunga, wote wanne wamerudi mwanzo. Usiyaingize kabisa kwenye hesabu ya gemu ya msingi. Na hata vikombe vya mtandaoni vilivyokuwemo tangu siku ya kwanza, kama seva imezimwa, vitoe. FIFA za zamani zimezimiwa seva, na hakuna haki ya kumdai mtu goli kwenye uwanja uliobomolewa.

Hali ni hiyo hiyo kwa vitu vilivyoondolewa sokoni. Forza Horizon 3 iliondolewa dukani Septemba 2020 pamoja na nyongeza zake, Blizzard Mountain na ile ya Hot Wheels. Duka la Xbox 360 lilifungwa tarehe 29 Julai 2024. Vibanda vingi vya kando ya ziwa bado vina Xbox 360, tena zinafanya kazi vizuri, na watoto wanaozishika leo hawana pa kununua nyongeza kwenye konsoli hiyo hata wakiwa na pesa mkononi. Mtu anayesisitiza asilimia 100 ya kila kitu anawadai watoto hao kitu kisichouzwa tena kwenye konsoli yao.

Wapenzi wa Euro Truck Simulator 2, ninawajua mlivyo wengi. Gemu hiyo huuza ramani mojamoja, Skandinavia, Ufaransa, Italia na nyingine, na kila ramani ina mafanikio yake ndani ya orodha ile ile ya Steam. Kuifikisha 100 ni kununua karibu bara zima. Wakati huohuo, vijana wetu wameitia mabasi yaliyopakwa rangi za kampuni za huku, wakaendesha usiku kucha kama wanatoka Nairobi kuja Kisumu, honi na taa zote. Hiyo nayo ni nyongeza, imetengenezwa na wachezaji wenyewe, na hakuna orodha yoyote duniani inayoihesabu. Mimi nimeifungulia ukurasa wake mwishoni mwa daftari. Aliyeongeza basi lake mwenyewe kwenye gemu anaandikwa hapo, na ukurasa huo naupenda kuliko mingine yote.

Kuhusu konsoli zilizofunguliwa, zile zilizojazwa gemu kutoka kwenye diski ngumu ya dukani: najua ziko, na najua nyongeza zote huwa zimo ndani tayari. Aliyecheza hapo amecheza, na ujuzi wake ni wake. Lakini hakuna aliyeuziwa chochote pale, kwa hiyo kanuni yangu haina pa kushika, na vikombe vyake havitafika kwenye akaunti bila kuihatarisha kufungiwa. Siviandiki. Gemu za simu nazo, Free Fire na jamaa zake, hubadilika kila msimu na hazina mwisho wa kuufikia. Furahia tu.

Jinsi ya kuliandika daftari na kulinda ushahidi

Safu ziwe tano: jina, gemu, toleo, tarehe, na hesabu kama ilivyosomeka siku hiyo. Safu ya mwisho ndiyo roho. Usiandike "100" peke yake. Andika "178 kati ya 178" au "1,000 kati ya 1,000". Orodha ikiongezwa kesho, karatasi yako itaendelea kusema ukweli wa leo. Kwa mtu wa Steam hili ni la lazima: siku unapofika mwisho, piga picha ya orodha nzima, kwa sababu ukurasa wenyewe hautakutunzia kumbukumbu hiyo.

PlayStation huweka tarehe na saa kwenye kila kikombe, na PS4 hupiga picha yenyewe kikombe kinapotoka. Zihifadhi picha hizo kwenye flashi. Lakini sikiliza hili, maana nimeona watu wakilia: vikombe ulivyopata bila mtandao hukaa ndani ya konsoli tu, mpaka uviunganishe na seva. Konsoli ikiharibika au ikifutwa kabla ya hapo, vimekwenda. Kuviunganisha hakuhitaji waifai ya mjini. Washa mtandao wa simu yako, fungua orodha ya vikombe, uviunganishe. Ni data kidogo sana. Zima kwanza ushushaji wa apdeti, la sivyo konsoli itaanza kuvuta gemu nzima na kulimaliza bando lako kabla vikombe havijafika.

Stima ndiyo adui wa mwisho. Mvua za Aprili zikianza kunyesha Kisumu, hesabu kwamba itakatika. Usiwe kwenye hatua ya kuhifadhi wakati taa zinapepesa, kwa sababu faili linaloandikwa nusu huharibika. Weka nakala mbili za mchezo wako, moja kwenye flashi. Kama kibanda kina tokeni chache zilizobaki, mwulize mwenye kibanda kabla hujaanza pambano la mwisho, naye akujibu ukweli.

Na kabla ya kununua nyongeza yoyote, maliza msingi, unganisha vikombe, andikwa. Kisha nunua. Ukifuata mpangilio huo, tarehe yako ya kwanza haitabishaniwa na mtu, na nyongeza itakuwa furaha mpya badala ya deni.

Ukurasa ule wa ugomvi bado upo. Mstari wa kwanza ni wa Manyatta: Spider-Man, diski ya kawaida, platinamu, kundi la msingi 100. Chini yake yumo wa Nyalenda, msingi 100, halafu mistari mitatu, mmoja kwa kila sura ya nyongeza. Juzi shangazi wa yule wa Manyatta alirudi likizo kutoka Doha akamnunulia zile sura tatu kwenye akaunti ya eneo linalolingana na diski yake. Nimemwachia nafasi ya mistari mitatu chini ya jina lake, na bado ni mitupu, kwa sababu jana usiku hakukuwa na stima.